Vijidudu Vyema vya Kibuyuni: Historia ya Maziwa Mgando na Maradhi ya Kuhara

(Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima)

Leo tuna somo la historia. Lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya jambo lililomo nyumbani mwa kila mmoja wetu, yaani maziwa yaliyoganda, na maradhi ya tumbo la kuhara.

Kwanza andikeni maneno manne katika daftari zenu. La kwanza, kijidudu. La pili, chachu. La tatu, kulinganisha. La nne, chumvi. Mwisho wa somo kila mmoja wenu ataweza kueleza maneno haya yanahusianaje na uhai wa mtoto mdogo.

1. Kibuyu cha wazee

Tangu zamani Wakurya, Wangoreme na jirani zao ni watu wa ng'ombe, na tena ni wakulima wa wimbi na mtama. Maziwa yaliyobaki baada ya kunywewa hayakumwagwa. Yalitiwa kibuyuni, kibuyu kikazibwa, kikawekwa mahali penye kivuli. Baada ya siku mbili tatu maziwa yaliganda, yakawa mazito na makali. Ndiyo tunayoyaita maziwa mgando, au mtindi.

Uji wa nafaka nao uliweza kuachwa mpaka ukachacha. Katika sehemu nyingi za Tanzania kinywaji cha namna hiyo huitwa togwa.

Wazee walijua jambo moja kwa uzoefu. Maziwa mabichi huharibika upesi, lakini yaliyoganda vizuri hukaa. Walijua pia kwamba kibuyu kilichozoea kazi hugandisha upesi kuliko kipya. Sababu yake hawakuijua, na si wao peke yao. Wakati ule hakuna mtu yeyote duniani aliyeijua, maana wenye kufanya kazi ile ni viumbe wadogo mno, wasioonekana kwa macho.

2. Wataalamu wanavitambua vijidudu

Mwaka 1857 mtaalamu Mfaransa, Louis Pasteur, alieleza kwamba maziwa hayachachi yenyewe. Huchachushwa na vijidudu vilivyo hai. Vijidudu hivyo hula sukari iliyomo katika maziwa na kuigeuza kuwa asidi, yaani ule ukali tunaousikia ulimini. Kumbe ndiyo maana kibuyu cha zamani hufanya kazi upesi: katika kuta zake vimebaki vijidudu vya maziwa ya jana, navyo huyashika maziwa ya leo. Kitu hicho kinachobaki na kuanzisha kazi upya ndicho chachu.

Baadaye wataalamu walivitambua vijidudu vya aina nyingine, vile viletavyo maradhi. Mjerumani Robert Koch alikitambua kijidudu cha kipindupindu huko Misri na India katika miaka ya 1883 na 1884. Mjapani Kiyoshi Shiga alikitambua kijidudu cha kuhara damu mwaka 1897. Hapo watu wakaanza kuogopa vijidudu vyote, kana kwamba vyote ni adui.

Lakini huko Paris, katika Taasisi ya Pasteur, walikuwapo waliotazama upande wa pili. Henry Tissier aliona kwamba matumbo ya watoto wanaonyonya maziwa ya mama yamejaa vijidudu vya namna yake, visivyo na madhara. Mwenzake Elie Metchnikoff, aliyezaliwa katika dola ya Urusi, alisikia kwamba wakulima wa Bulgaria hula maziwa mgando kila siku na huishi miaka mingi. Akafundisha kwamba vijidudu vya maziwa mgando hushindana na vijidudu viovu tumboni. Mwaka 1908 Metchnikoff alipata Tuzo ya Nobel, lakini aliipata kwa kazi nyingine, juu ya jinsi mwili unavyojikinga. Na mwaka 1930 Minoru Shirota wa Japani alikuza kijidudu cha namna hiyo kwa ajili ya kukitia katika kinywaji cha maziwa.

Leo vijidudu vyema vya namna hii huitwa probiotiki. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani walikutana Argentina, wakatoa maana ya neno hilo. Ni vijidudu vilivyo hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya afya. Wanakisomo, angalieni masharti yaliyomo: viwe hai, viwe vya kutosha, na faida iwepo kweli. Sharti la mwisho ndilo gumu, kwa sababu mambo mengi husemwa na machache huthibitishwa. Metchnikoff mwenyewe alidhani maziwa mgando yatarefusha maisha ya watu. Jambo hilo halikuthibitishwa mpaka leo, ingawa aliyelisema alikuwa bingwa.

3. Kwa nini kuhara huua

Sasa tutazame maradhi yenyewe. Kuhara huletwa na vijidudu vinavyoingia kwa njia ya maji, chakula, mikono na nzi. Vingi hutoka katika choo cha mtu mgonjwa. Mtoto anapohara, hupoteza maji na chumvi. Maji yakipungua sana mwilini, macho huingia ndani, ulimi hukauka, mkojo hupungua, mtoto hulegea, na asiposaidiwa hufa. Kwa hiyo mara nyingi kinachomwua mtoto upesi ni ukavu wa mwili.

Zamani, katika nchi nyingi, watu walipoona mtoto anahara walimnyima maji na chakula. Walifikiri tumbo lipumzishwe. Walifanya hivyo kwa kumpenda, lakini walikuwa wakimwongezea hatari.

Katika miaka ya 1960 wataalamu waligundua kwamba utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu bado unaweza kunyonya maji, ikiwa maji hayo yana chumvi na sukari kwa kipimo chake. Sukari huifungulia chumvi njia, na chumvi huyavuta maji. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwakimbiza watu kwa mamilioni kuingia India. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kilizuka, na dawa ya kutia maji kwa sindano ikawa haitoshi. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza wagonjwa wanyweshwe maji ya chumvi na sukari, wakinyweshwa hata na jamaa zao wenyewe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa watu kama 30 katika kila wagonjwa 100. Kwa njia ile mpya, waliokufa walikuwa chini ya 4 katika 100.

Fikirini maana yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba watoto zaidi ya milioni 4 wenye umri chini ya miaka 5 walikufa kwa kuhara duniani kila mwaka. Shirika la Afya Duniani sasa hukadiria kama 440,000. Bado ni wengi mno, lakini wengine wengi wameokoka. Chumvi na sukari zimefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, pamoja na maji safi, vyoo, chakula bora na chanjo.

4. Uchunguzi wa togwa hapa Tanzania

Pengine mmoja wenu atauliza, "Mwalimu, ikiwa maji ya chumvi yanaokoa, maziwa mgando yana kazi gani?" Swali zuri. Jibu la kwanza lilitafutwa hapa hapa Tanzania.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania walishirikiana na wenzao wa Sweden kuuchunguza uji uliochacha. Kwanza walitia vijidudu vya maradhi katika uji huo ndani ya maabara. Vijidudu hivyo vilishindwa kustawi, kwa kuwa vingi haviwezi kuvumilia ukali. Hii ni faida kubwa kwa mama anayekwenda shambani. Uji usiochacha, ukikaa mchana kutwa katika joto, huwa kitalu cha vijidudu. Uji uliochacha vizuri hujilinda wenyewe.

Halafu wakafanya uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 1999. Mmoja wa wataalamu hao ni Kingamkono. Walichukua watoto 151 wasio wagonjwa, wote chini ya miaka 5. Kundi moja lilipewa uji uliochacha mara moja kwa siku, kwa siku 13. Kundi la pili likapewa uji usiochacha. Hapa ndipo neno letu la tatu linapoingia, yaani kulinganisha. Mkulima mwenye busara akitaka kuijua mbegu mpya, huipanda ubavuni mwa mbegu ya zamani, katika shamba lile lile na mvua ile ile. Akiipanda peke yake hatajua kama mavuno yametokana na mbegu au na mvua.

Matokeo yalikuwa haya. Mwanzoni, katika kundi la uji uliochacha, watoto kama 28 katika kila 100 walikutwa na vijidudu vya maradhi tumboni. Wiki mbili baada ya kumaliza kupewa uji, waliokutwa navyo walikuwa kama 4 katika 100. Katika kundi la pili walikuwa kama 17 katika 100 mwanzoni, na wiki mbili baada ya kumaliza wakawa kama 19. Uchunguzi huu ulihesabu vijidudu, haukuhesabu vifo. Hata hivyo ulionyesha kwamba chakula chetu cha zamani kina nguvu ya kweli.

5. Kutoka Mwanza mpaka Uganda

Tarime ina njia yake ya kwenda Mwanza. Barabara itokayo Sirari hupita Tarime, huvuka Mto Mara pale Kirumi, hupita Bunda, kisha hushuka kandokando ya ziwa. Huko Mwanza, mwaka 2004, lilianza jambo linalohusu somo letu.

Kikundi cha akina mama wa Mabatini, kiitwacho Tukwamuane, kilianza kutengeneza mtindi wenye kijidudu maalumu kilichochunguzwa na wataalamu. Waliosaidia ni shirika la Kivulini la kutetea haki za wanawake, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu pale Mwanza, na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Canada, alikofundisha mtaalamu Gregor Reid. Wazo lilikuwa kuwasaidia hasa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa kuwa kuhara huwasumbua sana. Mtindi huo ukaitwa Fiti. Akina mama walipata chakula bora kwa jirani zao, na fedha kidogo kwa nyumba zao.

Nchini Uganda kazi kama hiyo ilifanywa na shirika liitwalo Yoba for Life, lililoundwa Uholanzi mwaka 2009. Lilichukua kijidudu mashuhuri kilichotambuliwa Marekani katika miaka ya 1980, ambacho hati yake ya umilki ilikuwa imekwisha muda, likakiweka katika vipakiti vya unga mkavu vya bei ndogo. Wafugaji na wauza maziwa wakaweza kugandisha maziwa kwa chachu inayojulikana.

Tofauti ya chachu hii na ya kibuyu ni moja. Kibuyu kina vijidudu vya aina nyingi, vyema na pengine vibaya, wala hatujui idadi yao. Chachu ya wataalamu ina kijidudu kinachojulikana jina na idadi.

6. Mizani ya kweli

Sasa, ndugu zangu, tufike penye mizani. Je, vijidudu hivi humponya mtoto ambaye tayari anahara?

Kwa miaka mingi chunguzi ndogo ndogo zilijibu kwamba ndiyo. Mwaka 2010 wataalamu walizijumlisha chunguzi 63, wakaona kwamba vijidudu vyema hupunguza siku za kuhara, kwa wastani kama siku moja. Watu wakafurahi, na madukani vidonge vikauzwa kwa wingi. Lakini mwaka 2018 zilitangazwa chunguzi mbili kubwa, moja ya Marekani na nyingine ya Canada, zilizofanywa kwa watoto mamia kwa mamia waliofika hospitali wakiwa na maradhi ya tumbo. Nusu walipewa vijidudu vyema, nusu walipewa unga mtupu unaofanana navyo. Makundi yote mawili yalipona sawasawa. Mwaka 2020 hesabu ya jumla ilifanywa upya, kwa chunguzi 82, na safari hii wataalamu walisema kwamba yamkini vijidudu hivyo havileti tofauti kubwa kwa mgonjwa. Kabla ya hapo, mwaka 2009, uchunguzi wa Malawi kwa watoto wenye utapiamlo mkali nao haukuonyesha kwamba vijidudu hivyo viliboresha matibabu yao.

Katika kukinga kuna habari za matumaini. Mwaka 2017 ulitangazwa uchunguzi wa India, jimbo la Odisha, kwa watoto wachanga zaidi ya 4,500. Waliopewa kijidudu fulani chema pamoja na chakula chake walipungukiwa na ugonjwa mkali wa damu na vifo kwa sehemu kama 40 katika 100. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kilikuwa kijidudu kimoja maalumu, kwa kipimo maalumu, mikononi mwa waganga. Haina maana kwamba mtoto mchanga apewe mtindi wa nyumbani. Hata kidogo!

Historia hii yote inatufundisha neno moja. Kibuyu na pakiti ya chumvi si maadui, wala kimoja hakishiki kazi ya kingine. Ukali wa mtindi na togwa hulinda chakula kabla hakijaliwa, na huenda ukalisaidia tumbo la mtu mzima na la mtoto aliyekwisha anza kula. Mtoto akianza kuhara, kinachomwokoa ni maji yenye chumvi na sukari. Mtu akikuuzia vidonge vya vijidudu na kukuambia uache maji ya chumvi, usimsikilize.

7. Mambo ya kufanya nyumbani

Sasa sikilizeni mambo ya kutenda. Mwalimu wenu atayasoma tena polepole.

Kwanza, mtoto chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama peke yake. Asipewe mtindi, wala togwa, wala maji.

Pili, maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa. Ng'ombe anaweza kuwa na maradhi ya kutupa mimba, yaani bruselosi, au kifua kikuu, na maradhi hayo huwapata watu kwa maziwa mabichi. Ukali wa mgando hautoshi kuyaua yote. Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, tia chachu safi kutoka katika mtindi mzuri wa jana, funika, uyaache yagande. Chombo kioshwe vema kwa maji ya moto. Kwa kuwa chachu unaitia mwenyewe, huna haja ya masalio ya kibuyu kichafu.

Tatu, mtoto akihara, mpe maji ya chumvi mara moja. Pakiti ya zahanati huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ukiikosa, chukua lita moja ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea.

Nne, usimnyime chakula. Anayenyonya aendelee kunyonya. Anayekula aendelee kula, na mtindi wa maziwa yaliyochemshwa unaweza kuwamo katika chakula chake.

Tano, mpeleke zahanati. Atapewa vidonge vya zinki, vya siku 10 mpaka 14. Mkimbize bila kungoja ikiwa choo kina damu, amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au macho yameingia ndani.

Sita, kinga ndiyo kubwa. Maji ya mtoni na ya kisimani yachemshwe au yatiwe dawa. Choo kitumike. Mikono ioshwe kwa sabuni. Na mtoto apate chanjo zake zote, pamoja na ile ya virusi vya rota iletayo kinga ya kuhara, ambayo Tanzania inaitoa tangu mwaka 2013.

Wazee wetu walikihifadhi kibuyu bila kujua kilichomo. Sisi tumepata kujua, na kwa hiyo tunadaiwa zaidi. Anayejua kusoma na akasoma maandishi ya pakiti ya chumvi, huyo amekitumia kisomo chake kuokoa maisha.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini kibuyu cha zamani hugandisha maziwa upesi kuliko kipya?
2. Katika uchunguzi wa togwa, kwa nini lilihitajika kundi la pili?
3. Mtoto akihara, ni kitu gani kinachomwua upesi, na dawa yake ni nini?
4. Jirani yako anasema, "Mtindi unatosha, maji ya chumvi ya nini?" Utamjibu nini?
5. Andika katika daftari kipimo cha maji, sukari na chumvi, kisha msomee mtu mmoja nyumbani kwako asiyejua kusoma.

Kwaherini, wanakisomo. Tuonane katika somo lijalo.